Jinsi ya Kukusanya Data ya Kimaelezo Mitaani Nairobi

Mwanafunzi anayetaka kujua ni akina mama mboga wangapi wa Kawangware wanaouza kwa deni atagawa hojaji na kuhesabu majibu. Anayetaka kujua jinsi mama huyo anavyoamua nani wa kukopeshwa na nani wa kunyimwa hana budi kuketi naye na kumsikiliza; maelezo atakayoyapata hivyo ndiyo data ya kimaelezo, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Nitautumia mfano huo wa deni la mboga mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa mbinu zikielezwa bila mfano huonekana rahisi kuliko zilivyo.

Karatasi hutangulia. Pendekezo likishapita kwa msimamizi na idara, lipeleke kwa kamati ya maadili ya utafiti inayotambuliwa, kisha uombe leseni ya utafiti mtandaoni kwa NACOSTI, tume ya kitaifa inayosimamia sayansi, teknolojia na uvumbuzi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013. Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwani jina la mhojiwa, nambari yake ya simu na hata sauti yake uliyoirekodi ni data ya kibinafsi ambayo unawajibika kuilinda. Ukifika mtaani, mjulishe chifu na mzee wa mtaa, lakini usikubali mzee akusindikize hadi kwenye kibanda, maana anayekuona ukiongozana naye atakudhania mtu wa serikali au wa kaunti, na majibu yake yatafuata dhana hiyo.

Kazi kubwa iko katika maswali, na hapa ndipo wengi wetu hukosea. Mwongozo wa mahojiano mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza ili upitishwe chuoni, kisha ukatafsiriwa usiku wa kuamkia siku ya kwenda nyanjani. Swali linalotokana na haraka hiyo ni kama hili: “Je, huwa unawapa wateja mikopo?” Mama mboga atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli, kwa sababu kwake mkopo ni ule wa benki, wa chama au wa simu. Muulize badala yake, “Kuna wateja huchukua leo wakalipa siku nyingine?” na huenda akacheka, akainama chini ya meza na kukutolea daftari la shule lililojaa majina na hesabu. Kwa hiyo jaribu maswali yako kwa watu wawili au watatu ambao hutawahesabu katika utafiti, usikilize maneno wanayoyatumia wenyewe, kisha uuandike upya mwongozo kwa maneno hayo. Maswali manane yaliyopikwa hivyo yanatosha kwa saa nzima.

Epuka maswali ya maoni mwanzoni. Ukiuliza “Biashara ikoje?” utajibiwa “Tunasukuma tu,” na mlango utakuwa umefungwa kwa adabu. Mwombe akusimulie siku moja mahususi: jana alitoka nyumbani saa ngapi kwenda soko la jumla la Marikiti, alinunua nini, nani alikuja kwanza kibandani, nani aliondoka bila kulipa. Mtu akisimulia siku yake hutaja mambo ambayo hungejua kuyauliza. Akinyamaza, nyamaza naye kidogo; “halafu?” na “kwa mfano?” hufanya kazi kuliko swali refu.

Chagua saa kwa busara. Kuanzia saa kumi na moja jioni wateja wanatoka kazini na kisu hakiachi kukata sukuma wiki, kwa hiyo kumhoji wakati huo ni kumwibia riziki. Asubuhi akishapanga bidhaa huwa na nafasi zaidi, ingawa ni vyema yeye ndiye akupangie. Kagua kelele pia. Mahojiano yangu ya kwanza niliyafanya kando ya posho mili, na niliporudi nyumbani nilisikia mashine waziwazi na mama kwa mbali.

Kuhusu ridhaa, eleza kwa Kiswahili chepesi unachotafuta, nani atasikia rekodi na kwamba anaweza kukatiza wakati wowote. Wengi husita kutia sahihi karatasi ya mgeni, hivyo iombe kamati mapema ikuruhusu ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa. Akikuuliza utafiti huu utamsaidia nini, usimwahidi msaada usio nao.

Majadiliano ya kikundi ya watu sita hadi kumi yanafaa kwa kujua desturi za mtaa, lakini hayafai kwa siri: hakuna atakayetaja anayemdai mbele ya jirani wa mdaiwa.

Je, uhoji wangapi? Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2006, uliotokana na mahojiano ya wanawake 60 wa Ghana na Nigeria, ulionyesha kuwa dhamira nyingi, yaani mada zinazojirudia katika majibu, zilikuwa zimejitokeza kufikia mahojiano ya 12. Wanafunzi huichukua 12 kama amri, wakisahau kwamba wanawake wale walifanana kwa mengi na waliulizwa maswali yaleyale. Ukichanganya wenye vibanda na wachuuzi wa kutembeza, utahitaji zaidi. Acha pale mahojiano mapya yanapokoma kukuonyesha jambo jipya.

Andika madokezo yako jioni hiyohiyo, na unukuzi uufanye wiki hiyohiyo, ukijua kwamba saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kuandika, au zaidi Sheng ikiwa nyingi. Usimsafishie mtu lugha. Tuseme amekwambia, “Huyo ni wa ploti yetu, siwezi mnyima.” Ukinukuu kwamba muuzaji hukopesha majirani, umepoteza data yenyewe, kwa sababu ploti ni geti moja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo, na mteja aliyenyimwa sukuma ya shilingi ishirini jioni ndiye atakayesimama naye kwenye foleni ya maji asubuhi.