Ndugu kamzunguka ndugu: kusuka tamthilia fupi ya kutazamwa kwenye simu

Anza na karatasi, kofi litasubiri. Tamthilia nyingi za ndugu kudhulumiana hufia sehemu ya tano kwa sababu mwandishi ana hasira nyingi lakini hana kitu cha kugombewa. Tafuta mali ambayo mtazamaji wa Mbagala au Sinza anaijua thamani yake bila kuelezwa: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita Magomeni aliyoiacha mama, wapangaji wanne ndani, kodi inaingia. Kisha jiulize ni karatasi gani ingemwezesha mmoja kuimeza peke yake.

Ukichagua mirathi, utaratibu wenyewe unakusaidia kusuka. Familia hukaa kikao na kumpendekeza msimamizi, muhtasari wa kikao unapelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Mahakama ya Mwanzo ikimteua, ana miezi minne ya kuwasilisha Fomu Na. 5 na Na. 6: mali na madeni ya marehemu, na hesabu ya mgawanyo. Kwa Dar es Salaam, mambo haya utayakuta kwenye kituo jumuishi cha masuala ya familia, Temeke, kilichoanza mwaka 2021. Hiyo miezi minne ndiyo saa inayogonga katika kisa chako. Mwandishi asiyeijua huishia kuulizwa, "Kwani huko kwao hakuna mahakama?"

Tuseme Rehema ndiye dada mkubwa. Shamsa, mdogo wake, yuko Muscat anafanya kazi za ndani na kutuma pesa za kuezeka upya. Rehema anaandika kwenye muhtasari kwamba Shamsa alihudhuria kikao na akasaini. Utamu wa usaliti huu ni kwamba ushahidi umelala kwa aliyedhulumiwa mwenyewe: mihuri ya pasipoti inaonyesha siku ile hakuwa nchini. Pasipoti ionekane mapema, sehemu ya 2, sekunde tatu tu, anaificha ndani ya foronya ili mwajiri asiichukue. Ukiichomoa sehemu ya 17 bila kuipanda, mtazamaji ataona umeokota mwisho njiani.

Hesabu ya kikundi kidogo ni hii: sehemu 20 za sekunde 90 ni dakika 30. Ukurasa mmoja wa skripti hutoa kama dakika moja, kwa hiyo sehemu moja isivuke ukurasa na nusu. Ukipiga picha kurasa nane kwa siku, zote 30 zinamalizika kwa siku nne. Weka ya tano ya akiba, hasa Machi hadi Mei, mvua za masika.

Sehemu mbili za kwanza ziwe za mapenzi. Wengi huziruka, halafu wanashangaa mbona hakuna anayelia. Rehema amsuke mdogo wake usiku wa kuamkia safari, amfungie visheti kwenye kopo la maziwa. Na mpe sababu ya kuharibika: miaka mitatu alimuuguza mama peke yake, akibadilisha mashuka saa nane usiku, huku mwenzake akisifiwa na ukoo mzima kwa pesa anazotuma. Mtazamaji akianza kumtetea Rehema kimoyomoyo, umemshika.

Kila sehemu ikatie patamu, yaani kabla ya jibu:

SHAMSA: Shikamoo dada.
REHEMA: Marahaba mdogo wangu. Mbona hukusema unakuja?
SHAMSA: Chumba cha mama kina kufuli jipya.
REHEMA: (anamimina chai) Panya wamezidi.
SHAMSA: Dada, humo ndani kuna mtu anakohoa.

Kata hapo hapo. Hakuna aliyepandisha sauti, na chai inaendelea kumiminika hadi inafurika kwenye kisahani.

Kisasi kipite njia ileile ya karatasi. Sumu, mganga na gari kukatika breki ni njia za mwandishi aliyechoka. Shamsa ajifanye hajui, aombe nakala ya muhtasari mahakamani, kisha apeleke maombi ya kutengua uteuzi wa dada yake. Kimuume na yeye: kati ya waliosaini muhtasari yumo shangazi aliyewalea, na hawezi kumwangusha Rehema bila kumwangusha shangazi.

Kwenye kupiga picha, simu imesimama wima, kwa hiyo watu wawili bega kwa bega hawatoshi. Mpange mmoja mbele, mwingine nyuma yake. Korido ya nyumba ya Kiswahili imeumbwa kwa fremu hii. Zima feni na friji, maana mngurumo wao hautoki kirahisi kwenye uhariri, na panga maongezi marefu mbali na saa za adhana. Shamsa akiwa na hina, piga matukio yake yote ya hina mfululizo, kwani baada ya wiki rangi imeshapauka na mtazamaji ataona. Maandishi ya chini yapandishe, la sivyo vitufe vya programu vitayafunika.

Kibali cha Bodi ya Filamu kitangulie, na serikali ya mtaa ijue mnakuja. Mahakamani usiingie na kamera bila ruhusa: mpige Shamsa akitoka, bahasha kwapani. Muhuri wa mahakama usichonge hata wa kuigiza. Inatosha kuonyesha jina na saini kwa karibu.

Na kofi, kama huwezi kuliacha, liwe moja, sehemu ya 18. Kamera ikae nyuma ya bega la anayepigwa, mkono upite shubiri moja mbele ya uso, naye ageuze kichwa kiganja kinapopita. Mlio wake utaurekodi baadaye, viganja viwili, chumba kikiwa kimya.