Njia ya miguu kijijini inaanza kufungwa? Fanya hivi mapema

Ndugu zangu wa huku Kilimanjaro, Uru, Kibosho, Old Moshi, Machame, Marangu, na nyie wa upande wa Meru kule Poli na Nkoaranga, naongelea zile njia za miguu zinazopita katikati ya vihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo, masale (ile mimea tunayopanda mipakani) huku na masale huku, ambazo wote tumezipita kwenda shule, mtoni na kanisani bila hata kujiuliza ni za nani. Zinaisha. Hazifungwi siku moja, zinaliwa kidogo kidogo, mwaka huu mtu anapanda mgomba nje ya masale yake, mwaka kesho anapanda mwingine kwenye kona, mwaka wa tatu anakuja na nguzo na seng'enge afu anasema hapa ni kwangu tangu zamani, na wewe unabaki umesimama huna hata karatasi moja mkononi.

Sisi tuligundua siku ya msiba. Tunamleta baba mdogo nyumbani azikwe kihambani kwake, gari linaishia barabarani kama kawaida, kutoka hapo ni kubeba, na njia ambayo zamani ng'ombe wawili walikuwa wanapishana sasa imebaki upenyo wa kama futi mbili, nguzo upande huu, mawe ya mfereji upande ule. Watu sita hawapiti hapo na jeneza. Ikabidi wabaki wawili mbele na wawili nyuma, likanyanyuliwa juu ya vichwa na kulazwa ubavu kidogo, na seng'enge ikanasa kile kitambaa cheupe ikakichana mbele ya shangazi zangu. Sitaki familia nyingine ipitie hicho kitu, ndo maana naandika yote tuliyofanya mpaka njia ikarudi.

Kabla ya yote, usikate fensi ya mtu. Najua hasira, na vijana watajitolea kabisa waje na mapanga usiku, lakini ukikata wewe ndo unakuwa mshtakiwa wa kuharibu mali, na kesi ya njia inageuka kesi ya fensi, hapo umeshapoteza hata kabla hujaanza.

Anza kwa kujua njia yako inalelewa na nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, hizo zina hifadhi ya mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hazina mjadala. Barabara za wilaya, yaani za mkusanyo, mjazio na jamii, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini iliyoanza 2017, kwa hiyo nenda ofisi yao ya wilaya uulize kama barabara yenu imo kwenye orodha yao, taja inapoanzia na inapoishia, jina tu halitoshi maana jina mnaloita nyie kitongojini wao pengine wameliandika vingine. Sasa vile vinjia vya miguu mara nyingi utaambiwa havimo. Usikate tamaa hapo, maana yake ni kwamba mlezi wake ni kijiji chenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaigawa ardhi ya kijiji, kuna ya pamoja, kuna ya watu binafsi, kuna ya akiba, na halmashauri ya kijiji inatakiwa iwe na rejesta ya ile ya pamoja. Lengo lako lote ni hilo, njia iandikwe kama ardhi ya pamoja. Njia ambayo iko kichwani mwa watu tu inakufa na hao watu.

Ukishajua hivo, kusanya ushahidi, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye kazi. Tembea njia nzima na simu, piga picha kila baada ya hatua hamsini hivi, na kila palipobanwa weka kitu cha kupimia kwenye picha, sisi tulitumia fimbo ya mita moja tuliyoichora alama. Simu ikiwa imewashwa lokesheni picha inabaki na mahali na tarehe. Afu iingize njia kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, ni bure, unafungua akaunti unachora mstari unaweka kwamba ni njia ya miguu, sio hati ya kisheria lakini ukiifungua mbele ya kikao watu wanaona njia nzima kutoka shuleni mpaka mtoni, wanaacha kubishana kuhusu kona moja ya jirani mmoja.

Kikubwa zaidi ni wazee. Nenda kwa kila mzee aliyepita hapo, na usimuulize mwaka, wengi mwaka hawaukumbuki, muulize alikuwa anabeba nini. Kwetu meku mmoja, yaani mzee, wa juu kabisa alisema yeye alipita pale na gunia la kahawa kichwani kupeleka kwenye mzani wa chama cha ushirika kabla ya Uhuru, bado hajaoa. Hapo tayari umepata kabla ya 1961. Mama mkubwa wangu akasema alipita na kuni mgongoni mumewe akiwa vitani Kagera, hiyo ni 1978 au 1979. Andika maneno yao kama walivyoyasema, wasomee, waweke saini au dole gumba, na mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Rekodi na sauti pia. Tulianza na wazee saba, kufika kikao tulikuwa na sita, mmoja alishatangulia na maelezo yake yalibaki kwenye karatasi, kwa hiyo usingoje Desemba watu wote warudi, anza wiki hii.

Hili wazo la wazee nililipata kwa mgeni. Mimi huwa natembeza watalii kijijini Materuni, siku moja nikawa na baba mmoja kutoka Angus, Uskoti, mkoa wa mashamba na milima, tukiwa tunapita katikati ya migomba akaniuliza hii njia ni ya nani. Nikasema ya watu wote. Akasema imeandikwa wapi? Nikakosa jibu. Akanisimulia kwamba kwao Angus kuna njia inaitwa Jock's Road, inatoka Glen Doll inavuka milima mpaka Braemar, na miaka ya 1880 tajiri mmoja anaitwa Duncan Macpherson alinunua lile eneo akataka kuwazuia watu wasipite. Chama cha kutetea njia kikampeleka mahakamani, kesi ikapanda mpaka ngazi ya mwisho kabisa London mwaka 1888, na kilichoshinda ni wachungaji waliosimama mmoja mmoja wakasema sisi tulikuwa tunaswaga kondoo hapa kwenda mnadani. Gharama ziliumiza pande zote mbili lakini njia ipo mpaka leo watu wanapita. Na chama hicho, kilichoanza 1845, bado kipo, kina orodha ya njia na kinaweka vibao vyake kila kona.

Kwao kuna kanuni kwamba njia inayounganisha sehemu mbili za umma ikitumika na watu miaka 20 mfululizo bila kuzuiwa inakuwa haki, na tangu sheria yao ya ardhi ya 2003 mtu anaruhusiwa kupita karibu kila ardhi ilimradi anapita kistaarabu, afunge geti alilolikuta limefungwa, asikanyage mazao. Halmashauri zao pia zina orodha ya barabara za umma ambayo mwananchi yeyote anaingia ofisini anaisoma. Tafadhali usiende kuitaja sheria ya Uskoti kwenye baraza la huku, haitufungi hata kidogo. Mimi nilichochukua ni kazi ya wale wachungaji tu, ushahidi wa miguu ya watu.

Ukiwa na karatasi zako, nenda kwa jirani kwanza. Usiende peke yako na usiende na kundi. Sisi tulienda watatu, mimi, balozi wa nyumba kumi, na mzee mmoja anayeheshimiwa pande zote mbili, na yule mzee alishika jani la sale mkononi, wenzangu Wachagga mnajua maana yake, mtu akija kwako na sale humfukuzi mlangoni. Salamu, chai, habari za watoto, ndo ishu ikafuata. Na tulimkuta mwenyewe ana yake, vibaka walikuwa wanapita hapo kumwibia ndizi, na bodaboda walikuwa wanakatiza usiku wanamwamshia watoto. Ana haki. Kwa hiyo tukakubaliana nguzo zirudi kwenye mstari wa zamani, na mwanzoni mwa njia tuchimbie magogo mawili yaliyoachana kiasi mtu na mzigo apite, mkokoteni wa mkono upite, lakini boda isikatize kwa kasi. Migogoro mingi ya njia ukichimba ndani unakuta mtu ana sababu ambayo hakuna aliyemuuliza.

Makubaliano hayo usiyaache mdomoni. Peleka kwa mtendaji wa kijiji yaingie kwenye ajenda ya halmashauri ya kijiji, afu mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unakaa kila baada ya miezi mitatu na kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ana sauti. Omba muhtasari uandike njia inapoanzia, inapopita, inapoishia na upana wake kwa mita, upigwe mhuri, na uombe nakala. Mhuri bila upana haukusaidii sana, maana mtu anaweza kukubali kabisa njia ipo na bado akakuachia futi mbili.

Halafu kaa macho siku kijiji kinapimiwa hati za kimila za ardhi. Hiyo ndo siku njia nyingi zinapotea kabisa, watu wanaitwa waonyeshe mipaka, jirani huyu anasimama hapa, jirani yule anasimama pale, wanakubaliana mpaka wao ukutane katikati ya njia, wanasaini, na hakuna aliyesimama kwa niaba ya njia. Simama wewe. Nenda na muhtasari na ramani, waambie wapimaji kati ya hawa wawili kuna mita mbili za kijiji. Wa mjini, Moshi au Arusha, nyie nendeni mipango miji muombe kuona mchoro wa eneo lenu, vichochoro vingi vya mitaa vimechorwa kule hata kama vimeshajengewa vibanda.

Jirani akikataa kabisa, kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, watu saba na angalau watatu wawe wanawake, kazi yao kusuluhisha. Kuna Baraza la Kata, hilo tangu 2021 halitoi hukumu tena za ardhi, linapatanisha tu, na lisipofanikiwa ndani ya siku 30 unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndo yale maelezo ya wazee na ule muhtasari vinafanya kazi. Ukifika huko mtafute mwanasheria, au wasaidizi wa kisheria.

Mkishairudisha, itengenezeni mara moja, njia mbovu watu wanaikwepa wanapita shambani kwa mtu na ugomvi unaanza upya. Sisi tulipiga msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, Jumamosi mbili. Adui ni maji ya masika, yakipata njia ya kushuka moja kwa moja yanachimba korongo mwaka mmoja tu. Kwenye mteremko mkali, kila hatua kumi na tano hivi laza mstari wa mawe mshazari, uwe umezama nusu, ili maji yatoke pembeni kwenye majani kabla hayajapata nguvu. Usiyaelekeze kwenye mfereji bila kuongea na wenye zamu za maji, tope lako litaziba wote wa chini. Ngazi za udongo zikingwe na magogo, na gogo la kuvukia mfereji liangaliwe kila mwaka, piga kisigino, likitoa sauti ya kitu laini kilichooza badilisha siku hiyo hiyo, watoto wa shule wanapita hapo wakikimbia.

Mwisho panda masale pande zote mbili mvua zinapoanza, vipande vya kama urefu wa mkono, vichomeke karibu karibu na ushindilie. Nyoosha kamba kwanza, jirani ashike upande wake na wewe wako, mita mbili sale kwa sale, na upige picha kamba ikiwa bado imenyooka.