Jina la tatu si ukoo: jinsi ya kufuatilia asili ya jina la familia Dodoma, kuanzia kwa wazee hadi DNA

Fomu nyingi zina nafasi tatu za majina, na ile ya mwisho watu huiita jina la ukoo. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Nimekuwa nikisaidia familia za Chamwino, Bahi na Mpwapwa kuandika miti ya ukoo, na karibu kila anayekuja ana maswali mawili: jina letu limetoka wapi, na DNA itasema sisi ni nani? La pili huwa naliweka kando kwanza. Ukipima kabla ya kuuliza wazee, utalipia majibu usiyoweza kuyasoma.

Hatua ya 1: Jua jina lako ni la namna gani

Massawe au Mushi ni majina ya koo za Kichaga, yamebebwa na watu wengi wanaojihesabu ndugu. Jina linaloanza na Mwaka- linakuelekeza Kyela na Tukuyu. Kwetu Ugogo, jina la tatu mara nyingi ni jina la babu tu, lililoganda siku mtoto alipoandikishwa shule. "Ukoo" wako wa kwenye cheti unaweza kuwa na umri wa miaka sabini, na mjukuu wa kaka yake babu anatumia jina jingine kabisa ingawa damu ni moja.

Kuna majina ya ubatizo. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, baadaye wakajenga Mvumi, na majina kama Yohana, Daudi, Mika na Yeremia yakawa majina ya babu, kisha yakahamia nafasi ya tatu kwenye fomu. Familia mbili za kina Yohana zina undugu sawa na watu wawili walionunua shati la rangi moja mnadani. Kwa Warangi wa Kondoa, ambao wengi ni Waislamu, hali ni hiyo hiyo kwa kina Juma na kina Issa.

Halafu kuna aina ninayoipenda kuliko zote: jina la kabila. Ukikuta familia ya Chamwino inaitwa Mhehe au Mkaguru, simama hapo. Iringa hakuna haja ya kumwita mtu Mhehe, wote ni Wahehe. Jina hilo alipewa mgeni na wenyeji wake, kwa hiyo limekutunzia habari ya safari. Vivyo hivyo kwa kina Mgogo walioko mikoa mingine.

Kabla hujaendelea, andika namna zote ambazo jina lako linaweza kuwa limeandikwa. Maandishi ya zamani ya Kigogo yalitumia c pale Kiswahili kinapotumia ch, ndiyo maana tunasoma Malecela na kutamka Malechela. Makarani waliotoka nje walibadilishana l na r, na sauti zetu za mh, nh na ng'h ziliwashinda kabisa. Hata kijiji kilicho jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, Ng'hong'onha, utakikuta kimeandikwa kwa namna tatu au nne. Ukitafuta kwa tahajia moja utasema babu hayumo daftarini, kumbe yumo.

Hatua ya 2: Uliza mbeyu na mzilo

Ukoo kwa Kigogo ni mbeyu, yaani mbegu, nao hufuata upande wa baba. Kila mbeyu ina mzilo wake: kitu ambacho watu wake hawali, hawaui au hawagusi. Jina la babu hubadilika kila kizazi. Mzilo ni mgumu kubadilika, kwa sababu mtoto anafundishwa kwa kunyang'anywa tonge mkononi.

Nenda baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, wakati uwele na mtama viko ghalani na wazee wana nafasi. Usiende mikono mitupu. Sukari na majani ya chai vinatosha. Salimia vizuri, "mbukwenyi" ikifuatiwa na habari za mifugo, na usitoe daftari mpaka umekunywa chai. Ukiomba ruhusa ya kurekodi, simu ilale juu ya mkeka mbali na uso wa mzee.

Wengi hukimbilia kwa babu. Mimi huanza na shangazi. Aliolewa nje, kwa hiyo siku ya posa alisikia mbeyu yake ikitajwa na kulinganishwa na ya mume ili ijulikane kama wanaoana ndugu. Muulize maswali haya, polepole, hata kwa siku mbili:

- Sisi ni mbeyu gani, na mzilo wetu ni nini? Je, kuna mtu nyumbani mwenye mzilo tofauti na wengine?
- Wazee walisema tulitoka wapi kabla ya hapa? Tulipita wapi?
- Babu alizikwa wapi, na baba yake je?
- Ulipoolewa, ng'ombe wa mahari walikwenda kwa nani na nani?

Swali la mwisho usiliruke. Ng'ombe wa mahari hugawanywa kwa haki ya undugu: upande wa baba, na mjomba naye ana fungu lake. Mzee anaweza kusahau jina la babu yake, lakini anakumbuka rangi ya dume lililokwenda kwa mjomba wa Handali mwaka ule. Ukiandika mgawanyo wa mahari za mabinti watatu wa familia moja, tayari una nusu ya mti.

Usishangae wazee wakikuambia mbeyu yenu ilitoka Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru au kwa Wanyaturu. Koo nyingi za Wagogo zinasimulia hivyo. Ugogo ni nchi iliyokusanya watu: njia ya misafara ya pembe na watumwa kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita humu, na watemi walitoza hongo, yaani ushuru, kwa maji na njia.

Hatua ya 3: Pata miaka kwa kutumia matukio

Ukiuliza mwaka utapewa mwaka wa kukufurahisha. Uliza tukio. Je, alizaliwa kabla ya reli? Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Je, alikuwa ameoa wakati wa kuhamishiwa vijijini? Operesheni Dodoma ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ilitenganisha familia nyingi na makaburi yao.

Tukio kubwa kuliko yote ni Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua zikakataa. Watu walikufa, waliobaki wakatawanyika, na watoto wakaachwa kwa wenye chakula kama rehani, pengine kwa kapu la uwele. Baadhi hawakurudi kukombolewa. Walilelewa, wakapewa jina na mbeyu ya mwenyeji. Ukiona mstari wako unakatika ghafla kwa mtoto aliyekuwa mdogo miaka ile, usilazimishe jina la baba yake. Weka alama ya kuuliza.

Hatua ya 4: Nyaraka

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu kilichopo ni kidogo. Daftari za ubatizo na ndoa za misheni za zamani ndizo zenye faida kubwa, hasa safu ya wadhamini, ambao mara nyingi ni ndugu. Nyaraka za enzi za Wajerumani na Waingereza ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Humo tafuta majumbe na watemi, usitarajie kumkuta mkulima wa kawaida.

Hatua ya 5: Chagua kipimo kinachojibu swali lako

Sasa DNA. Kromosomu Y hupita kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, njia ile ile ya mbeyu. Mwanamke hana Y, kwa hiyo dada zangu, mtafuteni kaka, baba au baba mdogo apimwe. DNA ya mitokondria hupita kwa mama kwenda kwa watoto wote na haihusiani na jina. Kipimo cha tatu, cha vinasaba vyote, kinachanganya pande zote: nusu kwa kila mzazi, wastani wa robo kwa kila babu na bibi. Ukirudi vizazi saba una wazee 128, na jina linamfuata mmoja tu kati yao. Mchango wake kwako haufiki hata asilimia moja kwa wastani.

Kwa swali la jina, basi, ni Y. Lakini kipimo cha mtu mmoja hakisemi kitu. Pima wanaume wawili ambao wazee wanasema ni mbeyu moja, waliotengana mbali kadiri mnavyoweza kuhesabu, kisha linganisha. Kipimo cha Y huuzwa kwa idadi ya alama, yaani sehemu za DNA zinazolinganishwa: alama 111 zinatenganisha ndugu wa karibu na wa mbali vizuri zaidi kuliko 37.

Kabla ya kutema mate kwenye kichupa chochote, pita kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali uulize utaratibu, hasa kama sampuli itatoka nje ya nchi. Vinasaba vya binadamu vinasimamiwa na sheria ya mwaka 2009. Pia zungumzeni kama familia. Kipimo kinaweza kufichua kwamba baba si baba, na kampuni zinaweza kuvamiwa: mwaka 2023 taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima DNA, zilichukuliwa na wadukuzi.

Hatua ya 6: Soma majibu bila pupa

Majibu ya Y huja kama kundi, yaani wanaume wote waliotokana na baba mmoja wa kale, na kila kundi lina alama yake. Ukipata kundi la E-M2, karibu nyumbani, uko na mamilioni ya Wabantu kutoka Kameruni hadi Afrika Kusini. Halitenganishi Mgogo na Mnyamwezi. E-M293 linahusishwa na wafugaji wa kale wa Afrika Mashariki, na limeonekana kwa Wadatoga, Wasandawe na Waburunge. B-M112 ni la kawaida kwa Wahadzabe. Hakuna hata moja lililo jina la kabila. Ni baba wa maelfu ya miaka iliyopita, kabla makabila haya hayajaitwa hivyo.

Asilimia za kwenye ramani zinahitaji tahadhari zaidi. Kampuni hukulinganisha na watu iliyonao. Katika mradi mkubwa wa wazi wa kusoma vinasaba vya watu duniani, Jenomu 1000, uliokamilika 2015 na watu 2,504 wa makundi 26, Wabantu wa Afrika Mashariki waliwakilishwa na Waluhya wa Webuye, Kenya. Tanzania haikuwamo. Kwa hiyo Mgogo akiambiwa ana ndugu Kenya asifungashe mizigo.

Na ukiona asilimia chache za Mashariki ya Kati, usikimbilie kusema bibi alizaa na Mwarabu wa misafara. Inawezekana, lakini kuna njia ya zamani zaidi. Mifupa ya mtu wa jamii ya wafugaji aliyeishi Luxmanda, mkoani Manyara, miaka kama 3,100 iliyopita, ilipopimwa ilionyesha zaidi ya theluthi moja ya asili inayohusiana na watu wa kale wa Levanti, yaani pwani ya mashariki ya Mediterania. Damu hiyo ilishuka na mifugo, muda mrefu kabla ya msafara wa kwanza kulipa hongo Ugogo.

Hatua ya 7: Chora

Nitumie mti wa kwetu kama mfano. Nyumbani tulikuwa na mzilo mmoja uliojulikana, ila shangazi mkubwa alikuwa pia hagusi kanga, yule ndege, na akipikwa jirani anahama upande wa upepo. Tulidhani ni tabia. Nilipomuuliza swali la mizilo miwili, alikaa kimya, akaniambia babu aliachwa kwa mwenyeji wakati wa Mtunya, akapewa jina la baba wa mwenyeji. Hilo ndilo jina langu la tatu. Mimi na mzee mmoja wa nyumba ya mwenyeji tulipima Y: yeye E-M2, mimi E-M293. Shangazi alisikiliza maelezo yangu yote, akauliza kama hiyo mashine ilijua habari ya kanga.

Kwenye karatasi nimechora mistari miwili kutoka kwa babu. Mmoja mnene, unaopanda kwa mwenyeji, kwa sababu ng'ombe wa mahari za shangazi zangu wote walikwenda huko na makaburi yetu yako huko. Wa pili wa nukta nukta. Juu yake nimeandika "kanga", na nafasi ya jina nimeiacha wazi, upana wa vidole vitatu.