Jinsi ya kujaribu programu yako kwa watu watano

Juzi nilikuwa namwelekeza mwenzangu aliyedhani lazima akodi maabara na kamera za kufuatilia macho. Unachohitaji ni simu ya mtumiaji mwenyewe, daftari na kalamu.

1. Tafuta watu. Watano wanatosha. Kwa hesabu ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, mtu mmoja hufichua takriban asilimia 31 ya matatizo, na watano hufikisha 85. Kama programu inatumiwa na wauguzi na wagonjwa pia, kila kundi litafutiwe watu wake.

2. Tunga kazi za kuwapa. Hapa ndipo majaribio mengi huharibika. Usitumie neno lililoandikwa kwenye skrini. Ukisema "badilisha nenosiri", mtu atapekua menyu akisaka neno hilohilo, atalipata, nawe utafurahi bure. Mwambie: "Unahisi kuna mtu anaingia kwenye akaunti yako. Mzuie." Sasa utamwona akifungua Msaada, akirudi, akigusa picha yake, akipita kando ya "Mipangilio" bila kuiona.

Ila isiwe kitendawili. Akiuliza "una maana gani?", kosa ni la sentensi yako, isome kwanza kwa mtu asiyehusika na mradi. Mwache ajaze jina lake halisi, kwa sababu jina la kubuni hulinakili tu bila kufikiri. Mambo ya fedha na maradhi ndiyo pekee ya kuandaliwa taarifa za uongo.

Tena, usimwambie kazi imeisha. Aseme mwenyewe "tayari". Wengi husema hivyo huku kitufe cha "Hifadhi" kimejificha chini ya skrini, hakijaguswa.

3. Rekodi skrini, kisha nyamaza. Mwombe aseme kwa sauti anachowaza. Akiuliza "nibonyeze hapa?", mjibu "wewe unaonaje?"

4. Rekebisha programu yenyewe. Sipendi kabisa vidirisha vya maelezo vinavyorundikwa juu ya skrini mbovu. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa B-17, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, walikuwa wakitua salama, kisha wanakunja magurudumu badala ya flapsi, yaani vibao vya nyuma ya mabawa. Swichi mbili zilifanana na zilikaa pamoja. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis hakuandika onyo: swichi ya magurudumu aliiwekea kishikio chenye umbo la gurudumu, ya flapsi umbo la kabari, mkono ukatambua wenyewe.

Anza na tatizo lililomzuia mtu kumaliza kazi. Rangi na ukubwa wa herufi zitasubiri. Ukisharekebisha, tafuta watano wengine. Wale wa mwanzo wameshaijua njia.