Kivinjari Kinapokataa Jibu la Seva Nyingine

Ukurasa uliotoka https://tovuti.example unapoomba data kwa https://api.tovuti.example:8443, kivinjari huzihesabu hizo kuwa asili (origin) mbili, kwa sababu asili hutambuliwa kwa itifaki, jina la seva na namba ya poti kwa pamoja. Seva ya pili isipotoa ruhusa kwa utaratibu uitwao CORS, ukurasa hausomi jibu. Anayezuia hapo ni kivinjari, si seva, na ndiyo maana ombi lile lile likitumwa kwa curl, zana ya kutuma maombi bila kivinjari, hupita bila kizuizi na kumfanya mtu aape kwamba seva yake haina kasoro.

Anza kwa kufungua zana za msanidi, sehemu ya mtandao, uyatazame majibu yenyewe kabla ya kuyaamini maandishi mekundu ya konsoli. Jibu likiwa na namba 500 au 502, huenda hitilafu halisi iko ndani ya programu, na heda (mstari wa maelezo unaoambatana na jibu) ya Access-Control-Allow-Origin, inayotaja asili iliyoruhusiwa, imekosekana kwa sababu tu amri ya add_header ya nginx, programu ya seva, isipoandikwa na neno always, haiongezwi kwenye majibu ya makosa hayo.

Namba ikiwa salama, tafuta ombi la OPTIONS lililotangulia. Kivinjari hulituma kuomba ruhusa pale ombi linapotumia PUT au DELETE, linapobeba heda ya Authorization, au linapopeleka data ya aina ya application/json. Jibu lake liwe kati ya 200 na 299, lisielekeze kwingine, na litaje heda zilizoombwa katika Access-Control-Allow-Headers. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni ukaguzi wa utambulisho kuwekwa mbele ya kila njia, hivyo OPTIONS, ambayo haibebi vidakuzi wala tokeni, hurudishiwa 401, yaani haikutambuliwa.

Ukitumia vidakuzi, alama ya nyota (*) katika Access-Control-Allow-Origin haikubaliki: seva itaje asili kamili, bila mkwaju (/) mwishoni, na iongeze Access-Control-Allow-Credentials: true. Inayoruhusu asili kadhaa irudishe moja tu, pamoja na heda ya Vary: Origin. Heda ya ruhusa ikiwekwa mara mbili, na programu na nginx pia, jibu hukataliwa.

Usikimbilie mode: "no-cors" katika fetch ya JavaScript, kosa litatoweka, lakini jibu halitasomeka. Wakati wa majaribio weka Access-Control-Max-Age, muda ambao kivinjari hukumbuka ruhusa, kuwa 0, usije ukayapima mabadiliko mapya kwa ruhusa ya zamani.