Tone la maji, flashi moja na khanga ya mke wangu

Ramadhani ikiingia, sisi wapiga picha wa harusi hapa Tanga hatuna kazi. Hakuna anayeoa wala anayeozesha mpaka Idi ipite, na kijistudio changu cha Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, hubaki na wateja wa picha za paspoti tu, wawili watatu kwa siku. Mwaka 2023 mfungo ulikutana na masika. Usiku mmoja baada ya tarawehe bati la jikoni likaanza kuvuja, mke wangu akatega ndoo, nami nikakaa pale nasikiliza: ti, ti, ti. Flashi imelala kwenye begi. Nikaenda kuiamsha.

Usiku ule nilipiga picha 212 za tone likidondoka na sikupata hata moja ya kumwonyesha mtu. Nianze na kosa langu, maana ukilielewa hilo, mengine yote ni kupanga vyombo tu.

Nilidhani kinachogandisha tone ni shata, lile pazia la ndani ya kamera linalofunguka na kujifunga. Nikaipandisha hadi 1/1000 ya sekunde, sehemu kubwa ya picha ikawa giza, kwa sababu Canon 600D yangu haipatani na flashi ukizidi 1/200. Nikarudi 1/200, nikaifungulia flashi nguvu zote kama ninavyofanya ukumbini bi harusi anapoingia. Matone yakatoka kama nta inayochuruzika.

Piga hesabu. Tone likidondoka kutoka sentimita 40 juu, linafika chini likienda karibu mita 2.8 kwa sekunde. Ndani ya 1/200 ya sekunde linakuwa limeshuka milimita 14, yaani kama mara tatu ya upana wake lenyewe. Shata haliwezi kulikamata. Flashi ndiyo inayolikamata, ila si flashi ya nguvu zote. Flashi ndogo ya betri, ukiipunguza nguvu, haiwaki kwa unyonge. Inawaka ukali uleule kisha inakatwa mapema. Yangu ni Yongnuo YN560, ya kuseti kwa mkono. Kwenye nguvu zote mwako wake unachukua kiasi cha 1/200 ya sekunde. Kwenye nguvu za chini kabisa unakaribia 1/20,000. Kwa muda huo tone husogea milimita 0.14 tu, na jicho halioni kitu. Basi ukitaka kasi, punguza nguvu: 1/32 ya nguvu zote, 1/64, hata 1/128. Mwanga ukiwa hafifu, isogeze flashi karibu, usiipandishe.

Angalizo kwa wenye studio: taa kubwa za kuchomeka ukutani nyingi huenda kinyume, ukizipunguza mwako unarefuka. Nilijaribu ya kwangu ya paspoti, matone yakarudi kuwa nta. Na taa ya simu usihangaike nayo kwa kazi hii. Ile ni LED, haina mwako mfupi wa namna hii. Mwenye simu atafute jua kali la saa sita, apige mfululizo, atapata kitu japo si hiki.

Sasa vyombo. Sahau paa linalovuja, halina adabu. Tone moja linaanguka hapa, jingine pale. Nilikwenda duka la dawa nikanunua mpira wa dripu, ule wa hospitali, wenye kigurudumu cha kupunguzia mwendo. Hakuna kifaa bora kwa mtu anayeanza. Ukizungusha kigurudumu unapata tone moja kila sekunde, na linaanguka palepale usiku kucha. Tone moja ni takriban sehemu ya 20 ya mililita, kwa hiyo chupa ya nusu lita ina matone kama 10,000. Vidole vitachoka kabla ya maji kwisha. Chupa niliitundika kwenye msumari wa rafu ya vyombo, ncha ya mpira nikaifunga kwenye mwiko, na mwiko nikaulaza juu ya rafu ukachomoza, ukabanwa na sufuria la pilau. Bakuli liko chini yake kwa sentimita 40.

Bakuli liwe pana, lenye kina cha sentimita tano au zaidi, na ulijaze mpaka maji yawe karibu kumwagika. Lisipojaa, ukingo wake utaingia kwenye kila picha na utajuta ukiziangalia kwenye kompyuta. Chini ya bakuli weka sinia la kupokea yanayomwagika. Nyaya za umeme, chaja na eksitensheni ziwe mbali na meza hiyo, na kama kuna watoto ndani, mbali zaidi.

Nyuma ya bakuli, kama sentimita 40, nilitundika khanga. Flashi haimuliki tone; inamulika khanga, nayo imekaa pembeni kiasi cha sentimita 40 kutoka kwenye kitambaa. Hapa ndipo wengi hukosea wakampiga tone mwanga wa usoni, wakapata maji yenye doa jeupe kali na nyuma giza. Maji hayana rangi yao, yanaazima ya kilicho nyuma. Washa nyuma, maji yatajaa rangi. Usipokuwa na khanga, karatasi ya manila inafaa. Flashi ikiwa mbali na kamera namna hii, inahitaji kuambiwa iwake. Waweza kununua vile vifaa vya kuunganisha bila waya, lakini mimi niliiseti YN560 kwenye S1, yaani iwake ikiona mwako wa flashi nyingine, nikaacha flashi ndogo ya juu ya kamera iwake kwa nguvu 1/128 ili iiamshe. Ile ndogo nayo iseti kwa mkono kwenye menyu, la sivyo itatoa mwako wa majaribio kwanza na kubwa itawaka kabla ya wakati.

Kamera iwe kwenye tripodi, iinamishwe kidogo tu. Lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera inatosha. Vuta hadi 55, sogea hadi inapokubali kufokasi, na kwa yangu ni robo mita. Fungia kichujio mbele ya kioo, maana itarukiwa na maji. Kila kitu seti kwa mkono: shata 1/160, apecha (tundu la lenzi la kupitishia mwanga) f/16, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 200, flashi 1/64. Zima taa za jikoni kisha piga picha moja bila flashi. Inatakiwa itoke nyeusi tii. Ukiona chochote, kuna mwanga wa nje unaingia, na huo ndio utakaokuchorea mchirizi.

Fokasi ya kamera yenyewe haitawahi tone, ikatae mapema. Laza msumari mrefu juu ya bakuli, usogeze mpaka tone linaupiga kwenye ncha, fokasi kwenye ncha hiyo, kisha peleka swichi ya lenzi kwenye MF, yaani fokasi ya mkono, na utoe msumari. Usiiguse tena lenzi. Mimi niliigusa nikifuta maji, nikapoteza picha 90 bila kujua.

Inabaki kubonyeza kwa wakati. Usisubiri kuliona tone, utachelewa. Jicho na kidole ni wazito. Sikiliza. Ule mlio wa "ti" hautoki tone linapogonga maji, unatoka muda mfupi baadaye: shimo lililochimbwa na tone linapojifunga hunasa kipovu cha hewa, nacho ndicho kinacholia. Ukibonyeza ukiusikia, umeshachelewa. Fanya kama mpiga ngoma: shika mapigo matatu manne kwanza, kisha bonyeza kwenye pigo lijalo kabla halijalia. Ukiwahi, utapata tone liko hewani. Ukichelewa kidogo, utapata shimo, halafu nguzo ya maji inayonyanyuka katikati ikiwa na kitone kichwani. Yote hayo yanaisha ndani ya takriban sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo usijilaumu. Mimi kwa sasa napata picha nzuri moja katika 15.

Ukitaka lile taji lenye meno ambalo maji huruka nalo pande zote tone likigonga, maji ya kina kirefu hayafai. Mimina maziwa kwenye sahani nyeusi, utando mwembamba tu, na udondoshee maziwa. Ndivyo alivyofanya Harold Edgerton wa chuo cha MIT kule Marekani, ambaye picha yake ya rangi ya tone la maziwa ya mwaka 1957 imezunguka dunia nzima. Na ukitaka uyoga, tone la pili ligonge nguzo ya la kwanza, basi fungua kigurudumu mpaka matone yakimbizane, halafu omba Mungu. Katika picha kama 400 nimepata uyoga mara mbili. Gliserini kidogo kwenye maji huyafanya mazito na nguzo inasimama vizuri zaidi. Ile ya dukani ya kupaka ngozi inatosha. Sabuni nayo hulegeza maji, yakajaa mapovu, kwa hiyo suuza bakuli sawasawa.

Jambo moja sikulitegemea. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa anakuza picha kwenye kompyuta, akaniita: "Baba, khanga ya mama iko ndani ya tone, lakini imepinduka." Kweli, korosho zote za kwenye khanga zilikuwa zimesimama kichwa chini, kali kuliko zinavyoonekana nyuma, ambako zimefifia. Tone ni lenzi ndogo, linageuza kila lililo nyuma yake. Siku hizi khanga naitundika juu chini makusudi. Mke wangu akiingia jikoni anaigeuza, anasema nimeitundika vibaya.