Namna ya kuchagua oili ya injini ya petroli yenye tabo na nozeli za ndani ya silinda

Chukua madumu mawili yaliyoandikwa 5W-30, yote sintetiki. Moja litaitunza injini yako miaka na miaka. Lingine linaweza kukuvunjia ringi ya pistoni siku unapopanda mlima kwa gia kubwa. Tofauti haiko kwenye hiyo 5W-30, iko kwenye maandishi madogo ya mgongoni mwa dumu, ambayo wengi hawayasomi.

Maelezo haya ni ya injini za petroli zenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda) ambazo nozeli zake hupuliza petroli ndani ya silinda yenyewe badala ya kwenye njia ya hewa: TSI na TFSI za Volkswagen na Audi, EcoBoost za Ford, T-GDi za Hyundai na Kia, na wenzao. Dizeli ina mambo yake.

Anza na kitabu cha gari

Fungua ukurasa wa vimiminika na ujazo, uandike vitu vitatu: uzito wa oili (mfano 0W-20 au 5W-30), kodi ya ubora (alama ya kiwango ambacho oili inapaswa kufikia), na lita zinazoingia pamoja na filta. Kodi ndiyo muhimu kuliko vyote. Inaweza kuwa ya jumla, kama API SP ya Marekani au ACEA C3 ya Ulaya, au ya mtengenezaji mwenyewe: VW 504 00, MB 229.52, BMW Longlife-04, dexos1 ya General Motors, Ford WSS-M2C948-B.

Kodi ya mtengenezaji si pambo la biashara. Nyuma yake kuna majaribio ya injini ambayo oili imefanyiwa. Ndiyo maana VW 508 00, ambayo ni 0W-20 nyepesi, haimwagwi kwenye injini ya Volkswagen iliyoandikiwa 502 00, hata kama 508 00 ndiyo mpya zaidi. Upya haumaanishi kwamba inafaa kila mahali.

Ukishika dumu, tazama kitenzi. Neno "approved" likifuatiwa na kodi yako maana yake oili imepelekwa kwa mtengenezaji ikapimwa na kukubaliwa. Maneno kama "meets" au "recommended for" ni kauli ya muuza oili mwenyewe. Si lazima awe anadanganya, lakini hakuna aliyemthibitishia. Gari likiwa bado kwenye dhamana, usikubali hayo ya pili.

Mlipuko unaotangulia plagi

Hili ndilo jambo linaloitofautisha injini hii na za zamani, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Petroli inayopulizwa moja kwa moja silindani hulowesha ukuta wa silinda na kuchanganyika na utando wa oili uliopo. Mchanganyiko huo hujikusanya kwenye upenyo mdogo juu ya ringi ya kwanza ya pistoni. Tabo ikijaza hewa nyingi huku injini ikizunguka polepole, tuseme mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, tone la mchanganyiko huruka kutoka kwenye upenyo huo na kuwaka kabla plagi haijatoa cheche. Pistoni ingali inapanda, moto nao unaisukuma ishuke. Shinikizo hupanda kupita kiasi. Utasikia kishindo kimoja au viwili vizito, tofauti na ule mlio wa kugonga wa petroli duni. Pigo moja kali linatosha kuvunja ukingo wa pistoni kati ya ringi na ringi, kupasua kauri ya plagi, au kupinda konrodi.

Oili inahusikaje? Sabuni inayowekwa kwenye oili kusafisha injini kwa miaka mingi ilitegemea kalsiamu, na kalsiamu nyingi huchochea tone hilo liwake. Oili mpya zimepunguza kalsiamu, na sehemu ya kazi yake hufanywa na magneziamu, isiyo na tabia hiyo. Molibdenamu na zile kemikali za zinki na fosforasi zinazozuia vyuma kulika husaidia kupoza hatari.

Hapo ndipo herufi za API zinapopata maana. API SN ilitoka 2010, haikuwa na jaribio la mlipuko huu. SN Plus ya 2018 ndiyo ya kwanza kuliweka. API SP iliyoanza Mei 2020 ililichukua na kuongeza jaribio la kulika kwa cheni ya taimingi (inayopatanisha mwendo wa pistoni na valvu), kwa sababu masizi laini ya injini hizi huingia kwenye oili na kuisaga cheni kama msasa. SQ, iliyoanza kuonekana kwenye madumu mwaka 2025, inapima pia oili iliyokwisha kutumika, kwa kuwa kinga ya oili mpya na kinga ya oili iliyochoka si kitu kimoja. Kwenye mfumo wa ACEA wa Ulaya, madaraja ya A7/B7 na C6 ya 2021 yana jaribio la mlipuko huu. Dexos1 Gen 2 na Gen 3 pia.

Kwa ufupi: kama kitabu chako kinakubali kodi za API, usinunue chini ya SP. Kama kitabu ni cha zamani na kinasema SM au SN, SP inakaa mahali pake bila shida, ilimradi uzito ni uleule.

Oili peke yake haimalizi hatari, dereva naye ana sehemu yake. Usikanyage mafuta hadi chini ukiwa gia kubwa na injini imelala. Shusha gia kwanza, injini ipande, ndipo ukanyage.

Uzito: namba ya pili ndiyo yenye neno

Namba iliyo kabla ya W inahusu kuwasha injini kwenye baridi. Mahali pasipo na barafu, 0W na 5W hazitofautiani sana katika kazi ya kila siku. Namba ya pili inaeleza unene oili ikiwa na moto. Ila kuna kipimo kingine kisichoandikwa usoni mwa dumu: HTHS, yaani mnato katika nyuzi 150 oili ikiwa imebanwa na kukatwakatwa kama inavyokuwa ndani ya beringi. Oili ya 20 lazima ifike angalau 2.6, ya 30 angalau 2.9, na 5W-40 angalau 3.5. Hapa kuna mtego. ACEA C3 ya 5W-30 inadai 3.5, wakati C2 ya 5W-30 inaridhika na 2.9. Uzito uleule usoni, utando tofauti kwenye beringi. Kitabu kikisema C3, C2 haitoshi.

Mazoea ya kumwaga 20W-50 "kwa sababu kuna joto" yaachwe kwenye injini za kabureta. Oili nzito huchelewa kufika kwenye beringi za tabo, na shafti ya tabo ndogo inaweza kupita mizunguko 200,000 kwa dakika. Pia huchelewesha vifaa vya kubadilisha taimingi ya kamshafti, vinavyosukumwa kwa oili kupitia matundu membamba. Taa ya injini ikiwaka baada ya sevisi, mara nyingine chanzo ni hicho.

Vitabu vingi hutoa jedwali la uzito zaidi ya mmoja kulingana na hali ya hewa. Hapo una uhuru. Kama jedwali linakubali 0W-20 na 5W-30, na gari lako linavuta mzigo au linazunguka safari fupifupi, chukua 5W-30. Sababu ni petroli inayoingia kwenye oili. Oili ya 30 ikichanganyika na petroli inaweza kushuka hadi unene wa 20. Ile ya 20 ikishuka, inakwenda pabaya.

Mvuke, uchafu wa valvu na jivu

Kwenye injini za kawaida, petroli huosha mgongo wa valvu za kuingiza hewa. Hapa haipiti huko kabisa. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) hutua juu ya valvu na kuungua kuwa ukoko mweusi. Dawa za kusafisha zinazomwagwa tangini hazifiki hapo, hata chupa iseme nini. Ukoko ukishakuwa mnene, kinachoutoa vizuri ni kufungua njia ya hewa na kupuliza punje za maganda ya walnati.

Oili inaweza kupunguza kasi ya ukoko. Tafuta karatasi ya data ya oili kwenye tovuti ya mtengenezaji, uangalie mstari wa Noack: asilimia ya oili inayopotea kwa mvuke ikichemshwa nyuzi 250 kwa saa moja. API SP inaruhusu hadi 15, ACEA C3 hadi 13. Ukipata yenye kodi yako na Noack chini ya 10, hiyo ndiyo ya kuchukua.

Gari lenye chujio la masizi kwenye ekzosi linahitaji oili ya jivu kidogo, zile za ACEA zinazoanza na C. Jivu haliungui, hukaa kwenye chujio mpaka lizibe. Lakini oili hizo huwa na akiba ndogo ya kupambana na asidi, hivyo penye petroli yenye salfa nyingi muda wa kumwaga oili upunguzwe.

Injini chache zina mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili, kama EcoBoost ya lita 1.0 ya miaka yake ya mwanzo. Huko kodi ya oili haina mjadala. Kemikali isiyofaa, au petroli nyingi ndani ya oili, hulainisha mpira wa mkanda. Vipande vyake hushuka kwenye sampu na kuziba kichujio cha pampu, na shinikizo la oili hupotea.

Kumwaga na kujaza

Kitabu kinaweza kusema kilomita 15,000 au zaidi. Hiyo ni kwa safari ndefu na petroli safi. Kwa foleni, vumbi, mizigo au safari za chini ya kilomita 10, badilisha kila kilomita 8,000 au miezi sita, kinachotangulia. Filta hubadilishwa kila mara, pamoja na washa ya nati ya sampu.

Injini ikiwa na uvuguvugu, mwaga oili yote. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta, ufunge kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, au kama filta yenyewe inavyoelekeza. Kama ujazo ni lita 4.5, mimina 4 kwanza. Washa injini dakika moja bila kukanyaga mafuta, zima, subiri dakika tano mahali palipo sawa, pima, ndipo uongeze kidogokidogo. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye dipstiki mara nyingi ni karibu lita moja.

Usipitishe alama ya juu. Krankshafti itaipiga oili ifanye povu, na mvuke mwingi utaingia kwenye njia ya hewa, ukarudisha ukoko na mlipuko uliokuwa ukivikimbia.

Dawa za chupa za kuongeza kwenye oili ziache dukani. Hujui zimebeba kalsiamu kiasi gani, na oili yenye kodi sahihi ilipimwa bila hizo. Ukiishiwa njiani, nusu lita ya SP ya uzito uleule, chapa yoyote, haitadhuru.

Pima dipstiki kila kilomita 1,000, kisha soma dalili. Oili ikipanda bila kuongezwa, nusa: harufu ya petroli inamaanisha safari ni fupi mno au kuna nozeli inayovuja, na oili hiyo imwagwe sasa, isisubiri kilomita zake. Ikishuka zaidi ya nusu lita kwa kilomita 1,000, tafuta kama ringi, sili za tabo au valvu ya mvuke wa sampu zimechoka. Cheni ikilia sekunde moja mbili asubuhi unapowasha, usijaribu kuificha kwa oili nzito. Ipimwe kama imerefuka.

Baada ya mwendo mkali au mlima mrefu, endesha polepole kilomita ya mwisho au acha injini iungurume dakika moja kabla ya kuzima. Oili iliyosimama ndani ya tabo yenye moto huungua kuwa mkaa, na mkaa huo huziba bomba jembamba linaloilisha tabo. Kwa hiyo tabo ikifa na kuwekwa nyingine, bomba hilo nalo libadilishwe pamoja na boliti yake yenye tundu. Likiachwa la zamani, tabo mpya itakufa kwa kiu ileile.